Wasomaji Wanauliza: Samaki-jiwe, Samaki-simba na Miiba Yao

Likizo kubwa inakaribia, na barua za Lubumbashi mwezi huu zinauliza habari za bahari kuliko za ziwa. Tunaelewa sababu. Anayefuata bidhaa Dar es Salaam kwa njia ya Kasumbalesa na Tunduma, akipata nafasi, hupenda kuongozana na familia. Tumechagua barua sita. Nyingine zilirudia maswali yaleyale.

Jambo sana. Mimi ni mama mfanyabiashara, naleta vitambaa kutoka Dar. Mwezi wa saba nataka watoto wangu waione bahari. Dereva mmoja amenitisha: eti kuna samaki anayefanana na jiwe, anafukuza watu majini, na ukimkanyaga unakufa palepale. Yupo kweli? Nitamjuaje?
*Mama N., Kamalondo*

Yupo, Mama, ila dereva wako amechanganya ya kweli na ya kutunga. Samaki-jiwe, ambaye wataalamu humwita *Synanceia verrucosa*, anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya kati ya Pasifiki. Hafukuzi mtu. Hata kuogelea hawezi vizuri. Anaweza kukaa mahali pamoja saa nyingi bila kujitikisa, na ukimkaribia hakimbii, anasimamisha tu miiba ya mgongo. Hapo ndipo ubaya wake ulipo: taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, akisikia mtu anakuja huondoka, lakini huyu hukungoja.

Usimtafute kwa umbo la samaki, hutamwona. Tafuta viungo vyake kimoja kimoja. Mdomo umepinda kwenda juu, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu unaona mstari wa upinde mahali ambapo jiwe halina mstari. Macho ni madogo na yamekaa juu ya kichwa, yamezama kwenye vishimo. Pembeni ana mapezi mawili mapana ya kifuani, manene ya nyama, anayoyatumia kuchimbia mchanga mpaka mwili unazama na kubaki mgongo na macho. Ngozi haina magamba. Imejaa vidutu, na juu yake huota mwani kama unavyoota kwenye mwamba. Rangi ni kahawia au kijivu, mara nyingi na mabaka ya manjano, machungwa au mekundu, kutegemea mawe ya jirani. Wengi hawazidi sentimita 35. Mkubwa kabisa hufikia 40.

Sumu yake si ya kuwindia. Chakula chake ni samaki wadogo na kamba, naye huwameza kwa kufungua mdomo ghafla na kuwavuta pamoja na maji, tendo linalochukua kama sekunde 0.015. Jicho la mtu halioni kitu, linaona tu kwamba kisamaki kilichokuwepo hakipo tena. Sumu ni ya kujilinda na papa na taa wanaookota chakula chini.

Mgongoni ana miiba 13 hivi, mifupi na imara, kila mmoja umevikwa ngozi nene. Kando ya kila mwiba kuna vifuko viwili vya sumu na vijia viwili vinavyopanda hadi ncha. Mguu ukishuka, ngozi inasukumwa chini, vifuko vinabanwa, sumu inapanda na kuingia kwenye kidonda. Uzito wako ndio unaosukuma sumu, samaki mwenyewe hafanyi chochote. Ndiyo maana aliyemgusa kidogo kwa kidole huumia kidogo, na mtu mzima aliyemkanyaga kwa uzito wote huumia vibaya sana. Chini ya tumbo pia ana miiba mitano: mmoja kwenye kila pezi la tumboni, na mitatu karibu na mkia.

Kuhusu kufa palepale: hapana. Vifo vilivyothibitishwa ni vichache mno. Maumivu lakini ni ya kutisha, na mtoto mdogo ana hatari zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu sumu ileile inaingia katika mwili mdogo.

Sasa ya watoto. Kwenye mchanga mtupu wa pwani wanapocheza watu wengi, uwezekano wa kumkuta ni mdogo. Mahali pake ni penye mawe, vipande vya matumbawe na majani ya bahari, hasa maji yakipwa na watu wakatembea mbali kuokota kombe. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali zaidi na miamba mingi hubaki wazi. Samaki-jiwe akiachwa kwenye kidimbwi au hata pakavu penye unyevu huvumilia saa kadhaa, basi msidhani pasipo na maji ni salama.

Babushi za plastiki hazitoshi: ni laini, na zinavuka mguuni. Nunua viatu vya kufunga vyenye soli nene na ngumu. Navyo havizuii kila mwiba, lakini soli ngumu hupunguza urefu wa mwiba unaoingia. Mtoto asiingize mkono chini ya jiwe, asiketi kwenye mwamba ulio majini, asiokote "jiwe" lenye manyoya ya mwani.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa wangu mmoja anasafiri kwenda pwani na amefunga mizigo yake pamoja na jiwe jeusi, lile linalosemwa hunyonya sumu ya nyoka. Anasema linafaa pia kwa samaki. Nimwambie nini? Na kama mtu amechomwa, kazi ya kwanza ni ipi?
*Dada F., Bel-Air*

Dada, mwambie jiwe libaki nyumbani. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye damu kwa sababu lina vitundu, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Sumu ya samaki imeingia chini kabisa ya kishimo chembamba na imeanza kusambaa, mfupa ulioko juu ya ngozi hauifikii. Kila dakika unayokaa umelishika jiwe ni dakika umenyimwa maji ya moto.

Maji ya moto ndiyo kazi ya kwanza. Sumu ya samaki-jiwe, ya samaki-simba na ya taa zote ni protini, na protini hizi huharibika kwa joto. Mguu au mkono uzamishwe kwenye maji ya joto la digrii 42 hadi 45 kwa dakika 30 mpaka 90. Maumivu yakirudi baada ya kutoa, rudisha. Usizidishe 45, kwa maana mtu mwenye maumivu makali hasikii tena kwamba anaungua, na tumeona maelezo mengi mno yanayosema "maji ya moto anayoweza kuvumilia" bila kuongeza onyo hilo. Apime kwanza kwa mguu usioumia. Vizuri zaidi, mtu mwingine apime kwa kiwiko.

Bila kipimajoto, fanya hivi. Pwani, maji yanachemka kwa digrii 100 na ya bomba yana kama 28. Changanya lita 2 za yaliyochemka na lita 6 za bomba: unapata karibu 46, na ndoo yenyewe hunyonya digrii moja au mbili. Anayetumia hesabu ya hapa Lubumbashi atajichoma. Huku tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 96 hivi na ya bomba huwa kama 20, kwa hiyo lita 2 zilizochemka zinahitaji lita 4 tu za baridi. Kipimo hicho cha lita 4 ukikipeleka Dar unafika digrii 52. Hapo ngozi inaungua. Baada ya kila dakika 10 pima tena, na ukiongeza ya moto, mguu utoke kwanza kwenye ndoo.

Kabla ya kuzamisha, ondoa kipande cha mwiba kinachoonekana, kwa kibano, si kwa vidole. Kilichozama ndani, au kilicho karibu na kiungo, kifua, shingo au tumbo, kiachie hospitali. Kidonda kisishonwe wala kubandikwa kikafungwa kabisa. Kisafishwe kwa maji mengi safi na sabuni.

Makosa manne hurudiwa kila mara. Kufunga kamba juu ya kidonda: sumu hii inaharibu nyama pale ilipo, na kamba huikusanya na kukata damu. Kuchanja na kunyonya: unaongeza kidonda juu ya kidonda. Barafu: kwa sumu hizi mara nyingi maumivu huzidi. Mafuta ya taa au mkojo: uchafu tu.

Unachotarajia kuona ni maumivu ya papo hapo yanayopanda hadi kwenye nyonga au kwapa, uvimbe, na ngozi iliyopauka au kuwa ya bluu kando ya tundu. Kutapika, jasho, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo sawa, pumzi nzito au kupoteza fahamu: hapo mgonjwa akimbizwe hospitali, na maji ya moto yaendelee njiani ikiwezekana. Hospitalini daktari anaweza kuchoma ganzi ya lidokaini kuzunguka kidonda, ataangalia chanjo ya pepopunda, na atapiga radiografia kutafuta vipande. Watu wengi hupuuza hii ya mwisho. Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili mara nyingi kina ncha ya mwiba ndani, au kimeingiwa na bakteria wa maji ya chumvi, ambao dawa za kawaida za vidonda haziwatoshi. Mgonjwa amwambie daktari kwamba aliumia baharini.

Dawa ya kuzuia sumu ya samaki-jiwe ipo. Inatengenezwa Australia, kwa damu ya farasi, tangu 1959. Hudungwa kwenye msuli, chupa moja kwa tundu moja au mawili, mbili kwa matundu matatu au manne, tatu kwa zaidi ya hapo. Mgonjwa wako asitegemee kuikuta katika kila hospitali, na asikubali kupewa ya nyoka badala yake. Haimhusu samaki.

Kwenye televisheni nimeona samaki mwenye mistari na manyoya marefu kama mavazi ya wacheza ngoma. Wanasema ana sumu. Ni huyohuyo? Yale manyoya yote yanachoma?
*Kijana wa Katuba*

Si huyohuyo, ila ni wa ukoo mmoja. Huyo ni samaki-simba. Wa upande wetu wa Bahari ya Hindi ni *Pterois miles*, na ndugu yake wa Pasifiki ni *Pterois volitans*. Kwa macho tu ni vigumu kuwatofautisha.

Wengi huogopa yale mapezi mapana ya pembeni, yaliyo mazuri kuliko yote. Hayo hayana sumu. Miiba yenye sumu ni 18: 13 mgongoni, mmoja katika kila pezi la tumboni, na mitatu chini karibu na mkia. Ni myembamba na mirefu, tofauti na ile minene ya samaki-jiwe, na tezi zake zimelala katika mifereji ya pembeni. Maumivu yake hufika kilele ndani ya saa moja au moja na nusu, kisha huenda yakakaa nusu siku. Dawa ni ileile ya ndoo.

Mchana hukaa chini ya paa la mwamba, mara nyingi kichwa chini. Jua likizama hutoka kuwinda. Anafungua mapezi ya pembeni, anakisukuma kisamaki taratibu mpaka kwenye kona, pengine anakipulizia mkondo wa maji usoni ili kigeuke kumwelekea, kisha anakimeza kwa kichwa. Jike linaweza kutoa mayai hadi 30,000 kwa mara moja, katika mafungu mawili yenye utelezi yanayoelea.

Uzazi huo umeleta balaa huko asikokuwa wa asili. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, huenda aliachiliwa na wafuga samaki, na sasa amejaa Karibi na Ghuba ya Meksiko, ambako samaki wadogo hawamjui na hawamkimbii. Katika Mediterania aliingia kwa Mfereji wa Suez. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1991, na tangu 2012 akaanza kuenea kweli kweli, Lebanoni, Saiprasi na mbele zaidi.

Nina akwaria ya lita 120, nafuga samaki wa Tanganyika. Rafiki anataka kuniletea samaki-simba mdogo. Naweza kutia chumvi ya jikoni nikamfuga?
*Papa K., Golf*

Papa, hapana kwa mambo mawili: chumvi na ukubwa. La tatu, umeme, ulifikirie mwenyewe kwanza.

Chumvi ya jikoni ni sodiamu kloridi, kwa kawaida pamoja na madini joto. Katika chumvi ya bahari hiyo ni kama asilimia 85 tu, inayobaki ni magnesi, kalsiamu, potasi, salfati na vinginevyo, vikiwemo vinavyoshikilia pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 8.1 na 8.4. Ukitumia ya jikoni, kipimo cha uzito wa maji kitakuonyesha kwamba yako sawa, huku pH inashuka na samaki anaishiwa nguvu, nawe hujui kwa nini. Inatakiwa chumvi maalumu ya akwaria, kama gramu 35 kwa lita, mpaka uzito wa maji ufike mara 1.023 hadi 1.025 ya maji yasiyo na chumvi, na joto digrii 24 hadi 27.

Samaki-simba wa sentimita 8 anavutia katika lita 120. Atafika 30 na kuzidi. Anahitaji lita 450 angalau, yaani kilo 16 za chumvi kwa kujaza mara ya kwanza, na kilo tatu kila unapobadilisha sehemu ya tano ya maji. Kabla ya kumtia, akwaria iende wiki nne hadi sita bila yeye mpaka bakteria wa kusafisha amonia wajengeke. Umeme ukikatika usiku kucha, chujio likisimama, bakteria hao hufa kwa kukosa hewa, na asubuhi chujio linarudisha sumu majini. Bila betri ya kuendesha pampu ya hewa kwa saa nyingi, usianze.

Akifika nyumbani kwako licha ya haya yote, usimkamate kwa wavu wa kitambaa. Miiba hunasa kwenye nyuzi, ukijaribu kuinasua unachomwa. Mwingize kwenye chombo kigumu cha plastiki. Kioo kisafishwe kwa brashi ya mpini mrefu, na kila unapotia mkono ujue kwanza yuko wapi. Alishwe kamba, ngisi na vipande vya samaki wa baharini mara mbili au tatu kwa wiki. Ukimlisha samaki wa maji baridi peke yao, ini hujaa mafuta na huishi muda mfupi. Samaki wako wa Tanganyika hawawezi kukaa naye kabisa: hayo maji ya chumvi yatawaua, na wakiponea, yeye atawameza. Chochote kinachofika nusu ya urefu wake kwake ni chakula.

Nina mgahawa karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mteja ameniambia samaki wenye sumu wa baharini huliwa, na mwingine amesema wakipikwa wanaua. Nani mkweli?
*Mama mpishi, Kenya*

Wote wawili, Mama, kwa sababu wanazungumzia samaki tofauti.

Wenye miiba ya sumu huliwa. Nyama ya samaki-simba ni nyeupe na laini, na huko Marekani wavuvi wanahimizwa kumvua ili apungue. Samaki-jiwe ni chakula cha bei kubwa Japani na Hong Kong. Sumu iko kwenye miiba, haipo kwenye nyama, na moto wa jikoni unaimaliza. Hatari ni kabla ya sufuria: mwiba wa samaki aliyekufa bado unachoma, hata akitoka friza. Ukataji ufanywe kwa mkasi mzito, miiba ikatwe chini kabisa kwenye shina. Glovu za mpira hazizuii kitu. Miiba itupwe ndani ya kopo lenye kifuniko, sio kwenye mfuko wa takataka utakaoshikwa na mtoto.

Utakayekutana naye kweli pwani ni tafi, ambaye Wazanzibari humwita tasi. Ni samaki wa kawaida sana sokoni, mtamu, na ana miiba 24 yenye sumu: 13 mgongoni, 7 chini, miwili katika kila pezi la tumboni. Uchungu wake ni mdogo kuliko wa hao wawili, lakini anayeparua magamba kwa haraka ataujua. Ashikwe kichwani, na miiba ikatwe kabla ya kuparua.

Bunju ni habari nyingine. Yule anayevimba kama mpira hana miiba ya kudunga sumu. Sumu yake iko ndani, hasa ini, mayai na ngozi, na haifi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Midomo hufa ganzi, kisha viungo, kisha pumzi, na dawa ya kuiondoa haijapatikana. Asiingie jikoni kwako, hata kwa bei ya bure.

Samaki wa friza mnaouziwa hapa wenye magamba magumu kama msumeno ubavuni hawana sumu. Wakikukata, osha kwa sabuni, yatosha.

Je, sisi wa Tanganyika na Moero tunao samaki wa namna hii?
*Mwanafunzi, Kasapa*

Samaki-jiwe na samaki-simba hawawezi kuishi ziwani. Mnao gogogo, wale wa jenasi *Synodontis*, na wengine wa jamii ya kambare wenye miiba mitatu migumu: mmoja mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Miiba hiyo hujifunga wima kwenye kiungo chake, na ukijaribu kuilaza kwa nguvu haikubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba spishi za kambare zenye tezi za sumu duniani zinazidi 1,200, na jenasi hii imo. Sumu ya gogogo huleta mwasho, uvimbe na maumivu ya saa chache. Kinachosumbua zaidi ni meno ya mwiba, yanayochana nyama unapouvuta. Akinasa kwenye wavu, usimvute, kata nyuzi zinazozunguka mwiba. Akikudunga, ndoo ni ileile: ziwani, ambako ni chini na kuna joto kuliko Lubumbashi, ongeza ya baridi mpaka isizidi digrii 45, kwa maana lita 2 kwa 4 ni kipimo cha hapa Lubumbashi. Asubuhi za mwezi wa sita maji ya bomba yakiwa baridi kabisa, punguza hizo nne kidogo.